Watoto wa Moshi nao waonyeshwe mfongo

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee watoto wa Moshi mjini, wanaokua chini ya Mlima Kilimanjaro bila kuwahi kuona mfongo, ule mfereji ambao Wachaga waliuchimba kwa mikono tangu kabla ya ukoloni ili kuleta maji ya mlimani hadi kwenye migomba ya vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Juzi nilikwenda kijijini na mjukuu wangu. Alitia mkono katika maji yale ya baridi, akauliza bomba lake liko wapi. Niliumia sana. Watalii huonyeshwa haya, na ni vizuri, lakini shule zetu ziko mwendo mfupi tu wa daladala. Nawasihi walimu wawapeleke watoto japo mara moja kwa muhula, wakamsikilize mzee akieleza jinsi zamu za maji zinavyogawanywa.

Bibi wa Kiborloni, Moshi