Shukrani kwa jirani aliyenitunzia chatu

Jirani, asante sana. Wengine niliowaomba walikubali haraka, ila waliposikia neno chatu wakakumbuka kuwa nao wana safari! Wewe uliuliza tu anakula lini. Joto ukalipima asubuhi na jioni, upande wa taa ukabaki kwenye nyuzi 32, maji masafi kila siku. Macho yake yalipoingia ukungu hukuhangaika kumlisha wala kumshikashika. Ulinyunyiza maji ndani ya kizimba kuongeza unyevu, ukamwacha ajivue ngozi kwa nafasi yake. Nimeikuta imetoka nzima, mpaka vile vigamba vya machoni, jambo ambalo wakati mwingine huwashinda hata wafugaji wazoefu. Mungu akuzidishie, jirani. Ngozi nimekuwekea, kama nyumbani kwako wataruhusu iingie.