Wanafunzi wa sayansi ya wanyama wasindike mabua

Mhariri,

Wapo wahitimu wa shahada ya kilimo wanaokokotoa mgao wa chakula cha ng'ombe vizuri sana kwenye karatasi, lakini hawajawahi kusindika mabua, yaani kuyalainisha kwa mbolea ya urea ili ng'ombe ayameng'enye vizuri. Kwa Dodoma yetu yenye msimu mmoja wa mvua, hilo linauma.

Zoezi ni hili: kilo 4 za urea kwenye lita 60 za maji, kwa kilo 100 za mabua makavu ya mtama yaliyokatwakatwa. Nyunyiza, shindilia, funika kwa nailoni siku 21. Pakivuja, amonia, gesi itokanayo na urea inayolainisha mabua, inatoroka na ukungu unaingia. Urea isipoyeyuka yote, ng'ombe anaweza kufa kwa sumu. Ndama wadogo wasipewe kabisa. Kabla ya kulisha, tandaza mabua harufu kali ipungue.

Vyuo viwapeleke wanafunzi kwa wafugaji Septemba, malisho yakiwa yamekauka, siyo Machi.

Mdau wa mifugo,
Dodoma