Barua ya wazi kwa Waziri wa Masuala ya Wanajeshi Wastaafu wa Marekani: lifungue upya jalada la Cathay Williams

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu jalada ambalo ofisi ya pensheni ya nchi yako ililifunga Februari 1892. Mwombaji alikuwa Cathay Williams, mwanamke mweusi aliyekuwa akiishi Trinidad, Colorado, na aliyelitumikia jeshi lenu huko Magharibi kwa jina la William Cathay. Aliomba pensheni ya ulemavu, akanyimwa. Ninakuomba uamuzi ule utenguliwe.

Alizaliwa karibu na Independence, Missouri, katika miaka ya 1840. Baba yake alikuwa mtu huru lakini mama yake mtumwa, na kwa sheria za wakati ule mtoto alifuata hali ya mama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, askari wa Muungano, yaani jeshi la Kaskazini, waliingia Jefferson City, mji wa Missouri alikokuwa akitumikishwa, wakamchukua yeye na watumwa wengine. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakutaka kwenda. Walimtaka awapikie maofisa, naye kupika hakujua, maana alilelewa kuwa mtumishi wa ndani. Akajifunza huko huko, jeshi likiwa safarini. Miaka yote ya vita aliwapikia na kuwafulia, mpaka kwenye kambi ya Jenerali Sheridan wa jeshi hilo, katika bonde la Shenandoah, Virginia.

Kazi hiyo haikuhesabiwa popote. Agosti 1892, miezi sita tu baada ya ombi lake kukataliwa, Bunge lenu lilipitisha sheria ya kuwapa wauguzi wanawake wa vita vile dola 12 kwa mwezi. Wapishi na wafuaji hawakuwemo. Na kina mama weusi waliolifuata jeshi, wengi wao waliandikwa hivyo: mpishi, mfuaji.

Tarehe 15 Novemba 1866, mjini St. Louis, alijiandikisha kuwa askari. Julai ya mwaka huo sheria ilikuwa imeanzisha rejimenti sita za askari weusi, na yeye akapangwa Kombania A ya Rejimenti ya 38 ya askari wa miguu. Mwanamke hakuruhusiwa kuwa askari. Aliyemwandikisha aliandika umri miaka 22, kazi mpishi. Daktari aliyepaswa kumpima akampitisha. Katika rejimenti nzima waliojua ukweli walikuwa wawili, binamu yake na rafiki yake wa karibu, na ndio waliochangia yeye kuingia jeshini. Sababu nyingine aliyoitaja ni kwamba alitaka kujitafutia riziki bila kuwategemea ndugu wala marafiki. Wale wawili hawakutoboa siri. Habari za familia za askari wa Magharibi kwa kawaida huwa ni za wake za maofisa na barua zao, lakini familia ya askari huyu ilikuwa ndani ya kombania yake, imebeba bunduki na kufunga mdomo.

Ndui ilimlaza mapema. Alipopona akaungana na wenzake: Fort Riley na Fort Harker kule Kansas, kisha mwendo mrefu wa miguu hadi Fort Union, New Mexico, halafu Fort Cummings na mwishowe Fort Bayard. Walitumwa huko kulinda njia za wasafiri na kupambana na Waapache, wenyeji wa asili waliokuwa wakiporwa ardhi yao. Hilo nalijua, na sikuandikii kusifu vita vile. Aliyewatuma ni serikali, na deni ninalolizungumzia ni la serikali hiyo kwa askari wake.

Alilazwa hospitali za jeshi mara kadhaa bila kugunduliwa. Tarehe 14 Oktoba 1868 aliachishwa kwa cheti cha daktari kilichosema hafai tena kwa kazi. Mwaka 1876 aliliambia gazeti moja la St. Louis kwamba alikuwa amechoka, akajifanya mgonjwa wa ubavu na magoti, na hapo daktari wa kambi akamgundua. Alisema pia kwamba askari wenzake, walipojua ni mwanamke, walitaka aondoke, na baadhi yao walimtendea vibaya.

Huenda maofisa wako wakayashika maneno yale ya kujifanya mgonjwa. Wasiyafiche, wayaweke mezani pamoja na mengine. Ndui haikuwa ya kujifanya, na miguu iliyoonwa na daktari wa pensheni mwaka 1891 haikuwa ya kujifanya.

Kabla ya kufika huko alikuwa amehangaika sana. Alipika na kufua Pueblo, Colorado, akaolewa, na mume akamwibia saa na mkufu wake, dola 100, farasi na gari lao. Alimshtaki, mume akafungwa, naye akahamia Trinidad akaanza upya. Juni 1891 alipoomba pensheni alitaja uziwi, baridi yabisi na maumivu ya neva. Daktari aliyetumwa kumpima aliandika kwamba anasikia mazungumzo, na kwamba viungo vyake havina kasoro. Katika ripoti hiyo hiyo aliandika kuwa vidole vyote vya miguu yake miwili vimekatwa, na kwamba hawezi kutembea bila mkongojo. Hakueleza vilikatwa lini wala kwa nini. Kisha kwenye kiwango cha ulemavu akaandika sifuri.

Mheshimiwa, mimi si mwanasheria, lakini nafahamu kusoma. Mtu asiye na hata kidole kimoja cha mguu ameandikwa kuwa hana ulemavu, na kwa karatasi hiyo ombi lake likatupwa. Ofisi haikubisha kwamba alikuwa askari, wala haikumkataa kwa kuwa mwanamke.

Kaburi lake halijulikani. Mwaka 2016 wananchi wa Leavenworth, Kansas, walimwekea sanamu ya kifua, na hilo walilifanya wao. Wizara yako ndiyo inayosimamia makaburi ya taifa, na sheria zenu zinaruhusu jiwe la kumbukumbu kwa askari ambaye mwili wake haukupatikana. Ninakuomba uteue ofisa alisome jalada lake upya, ripoti ya daktari ikiwa mbele yake, autengue uamuzi wa 1892 kwa maandishi na kuutangaza hadharani. Kisha jiwe liwekwe Colorado, liandikwe majina yote mawili, Cathay Williams na William Cathay, Kombania A, Rejimenti ya 38 ya askari wa miguu.

Wako,
Mhamiaji kutoka Tanga, mkazi wa Colorado