Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba): Kichupa kilichoandikwa "kwa utafiti tu"

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salamu kutoka Temeke. Mimi ni mfamasia, huu ni mwaka wa kumi na tisa niko nyuma ya kaunta. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko hadharani. Ni vichupa vya peptidi za kujichoma, vinavyouzwa kupitia simu za watu, kwa Kiswahili kitamu, kwa wazazi wetu wenye presha.

Wiki tatu zilizopita aliingia dukani mwalimu mstaafu, mteja wangu tangu nilipofungua. Alitaka mabomba ya sindano ya insulini. Nilishtuka, maana mwalimu hana kisukari, ana presha.

"Shikamoo mwalimu. Insulini ya nani?"

"Marahaba mwanangu. Si insulini, ni peptidi. Inafufua mishipa ya damu, inarudisha ujana wake."

Akatoa mfukoni kichupa chenye unga mweupe uliogandia chini. Lebo ilikuwa na herufi tatu, KED, na uzito, miligramu 20. Chini kabisa, kwa Kiingereza cha herufi za kuchungulia, iliandikwa kwamba bidhaa hii ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Haikuwa na jina la kiwanda, wala namba ya bechi, wala tarehe ya mwisho wa matumizi, wala namba ya usajili. Lakini kwenye simu ya mwalimu muuzaji alikuwa ameandika dozi, tena bila kigugumizi: changanya na maji mililita mbili, vuta hadi mstari wa kumi, jichome tumboni kila asubuhi kwa siku 20. Shilingi laki mbili na nusu, nauli ya bodaboda juu yake.

Nilimkalisha nikampima presha, ilikuwa juu mno. 186 kwa 108. Nikamuuliza dawa zake za presha. Alikuwa ameziacha tangu siku alipolipia kichupa, kwa sababu aliambiwa mishipa ikishakuwa mipya hatazihitaji tena.

Niliumia, ila sikushangaa. Mwalimu alianza na kaptopili, ikampa kikohozi kikavu kisichomwachia usingizi. Akahamishiwa amlodipini, vifundo vya miguu vikavimba. Hakuna aliyemketisha akamweleza kwamba kikohozi kile kinajulikana, kwamba losatani kwa kawaida haikileti, kwamba uvimbe ule mara nyingi hupungua dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa. Kila mara alipewa karatasi na kuambiwa arudi mwezi ujao. Aliyemsikiliza kwa saa nzima, kwa simu, usiku, ni muuza kichupa. Kosa hilo ni letu sote tuliovaa makoti meupe, na mimi nimo.

Naomba nieleweke, ndugu Mkurugenzi. Sina ugomvi na peptidi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vipande vilevile vinavyojenga protini. Oksitosini, ambayo mkunga wa Mbagala au wa Kibondo humchoma mama aliyejifungua ili asivuje damu hadi kufa, ni peptidi ya asidi amino tisa tu. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, na miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Insulini, iliyoanza kuokoa watu Toronto mwaka 1922, nayo ni ya ukoo huo. Na kila mfamasia anajua zilivyo nyepesi kuharibika: nyuzi joto 2 hadi 8, umeme ukikatika unahesabu saa. Kichupa cha mwalimu kilikuwa kimesafiri kwenye boksi la bodaboda juani, kisha kikakaa mfuko wa shati.

Hata hiyo kaptopili iliyomkohoza mwalimu ilizaliwa na peptidi, na kisa chake ndicho ningependa wauzaji hawa wakisome kabla ya kutamka neno mishipa. Katika miaka ya 1960 Mbrazili Sérgio Ferreira alichunguza sumu ya nyoka wa kwao, jararaca, akakuta ndani yake peptidi zinazoongeza nguvu ya bradikinini, kemikali ya mwili inayolegeza mishipa. Alizipeleka London kwenye maabara ya John Vane, ikaonekana zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini, ambayo ndiyo hubana mishipa na kupandisha presha. Moja ya peptidi hizo, teprotaidi, yenye asidi amino tisa, ilichomwa kwa wagonjwa na presha ikashuka kweli. Ila ukiimeza, tumbo linaimeng'enya kama kipande cha nyama. David Cushman na Miguel Ondetti, kwenye kampuni ya Squibb huko Marekani, wakatumia walichojifunza kuunda molekuli ndogo inayomezwa. Hiyo ndiyo kaptopili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Na kikohozi cha mwalimu kinatokana na bradikinini hiyohiyo inayorundikana. Kutoka kwenye meno ya nyoka hadi kwenye kidonge ilichukua zaidi ya miaka 15 ya watu kupima, kukosea, kuandika na kupima tena mbele ya wenzao.

Mfano wa karibuni ni semaglutidi, sindano ya kisukari na ya kupunguza uzito, nayo peptidi. Ilipodaiwa kwamba inalinda moyo na mishipa, walitafutwa watu 17,604 katika nchi 41, wote wenye ugonjwa wa moyo au mishipa na uzito mkubwa, bila kisukari. Nusu walipata dawa, nusu sindano isiyo na dawa, na hawakujua nani kapata nini. Matokeo yalitoka Novemba 2023: vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 20. Dai la namna hiyo naliheshimu, kwa sababu limelipiwa gharama yake.

KED je? Ni asidi amino tatu: lizini, asidi glutamiki na asidi aspatiki. Jina linalotajwa nyuma yake ni la Vladimir Khavinson wa St. Petersburg, Mrusi aliyefariki mwaka 2024 baada ya maisha marefu ya kutafiti peptidi na uzee. Sitamdharau marehemu, alifanya kazi. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo imetoka kwenye kundi lake, na nyingi ni za seli kwenye vyombo vya maabara na za wanyama. Kutoka hapo hadi tumboni kwa mwalimu wa Temeke kuna daraja ambalo halijajengwa. Muuzaji amelichora kwenye simu, basi.

Alikuwa amemwahidi na kichupa cha pili: BPC-157, peptidi ya asidi amino 15 iliyotokea kwa watafiti wa Zagreb, Kroatia, ambayo kwa panya imeonekana kuchochea mishipa mipya kuota. Shirika la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, WADA, limeipiga marufuku tangu 2022. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2023 iliiweka kwenye kundi la malighafi zenye mashaka makubwa ya usalama kwa maduka yanayochanganya dawa. Na hapa ndipo ninapoogopa kweli. Mshipa mpya si lazima uwe baraka. Uvimbe wa saratani hukua kwa kujiotesha mishipa ya kuulisha, ndiyo maana ipo dawa, bevasizumabi, ambayo kazi yake ni kuzuia uotaji huo. Mzee wa miaka 68 ambaye hajawahi kupimwa tezi dume, unamchomea kitu cha kuotesha mishipa bila kujua mwilini mwake kumelala nini?

Muuzaji alituma pia cheti cha maabara: usafi asilimia 99. Mwalimu alikitandaza juu ya kaunta kwa fahari, kama alivyozoea kutandaza matokeo ya wanafunzi wake. Ikabidi nimweleze, na naomba mamlaka yako iwaeleze wengine wote. Asilimia ile inasema tu kwamba ndani ya unga uliopimwa, sehemu kubwa ni peptidi iliyotajwa. Haisemi kama kichupa hakina vijidudu. Haisemi kama hakina endotoksini, masalia ya bakteria waliokufa ambayo hayaonekani kwa macho na yakiingia mwilini kwa sindano huleta homa na kuporomosha presha. Haisemi hata kama unga uliopimwa ndio huu uliomo humu, maana cheti kilikuwa na namba ya bechi na kichupa hakikuwa nayo.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Utafiti. Neno hili lina masharti, na wewe ndiye mlinzi wake. Utafiti kwa binadamu una mtafiti mwenye jina. Una andiko lililopitiwa na kamati ya maadili. Una ridhaa iliyosomwa na kusainiwa, na mtu wa kumpigia usiku ukiona macho yanafifia. Una daftari. Kwa mwalimu daftari liko wapi? Akipata kiharusi kesho, matokeo yataandikwa na nani? Hakuna anayetafiti chochote pale. Neno limebandikwa ili dawa ipite bila kuitwa dawa. Kule Samunge, kwa Babu wa Loliondo, mwaka 2011 angalau kila aliyekunywa kikombe alijua kimetoka mkononi mwa nani, na kilikuwa shilingi 500.

Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, haidanganyiki kirahisi hivyo. Inatazama kitu kimetengenezwa, kimeuzwa au kimeonyeshwa kwa ajili ya nini. Ukimwambia mtu kichupa hiki kitatibu mishipa yako, umeuza dawa, hata lebo iseme ni rangi ya ukuta. Na ukitaka kujaribu dawa kwa Watanzania, sheria hiyohiyo inakutaka uombe kibali kwanza.

Kwa hiyo naomba TMDA itoe tangazo kwa Kiswahili cha kawaida, lisomwe redioni na kubandikwa kwenye maduka ya dawa hadi yale ya dawa muhimu vijijini, likisema waziwazi kwamba kichupa cha "utafiti" kikiuzwa pamoja na dozi ya mtu ni dawa isiyosajiliwa. Wakaguzi wenu waliopo bandarini na viwanja vya ndege wanajua kazi yao. Waongezewe macho kwa vifurushi vidogo vya posta, maana vichupa hivi haviji kwa kontena. Tangazo liseme pia, kwa sauti ileile, kwamba mtu asiache dawa zake za presha, na kwamba zikimsumbua zipo nyingine. Bila sehemu hiyo tutakuwa tumewafokea wazee tu.

Na ombi ninalolijali kuliko yote: kama wako wanaoamini peptidi hizi zina kitu, wafunguliwe mlango wa mbele. Tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, tuna NIMR ya utafiti wa tiba, tuna Muhimbili. Mwaka 2018 mamlaka yako, ikiitwa bado TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kufikia ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa. Tunaweza kusimamia utafiti wa kweli hapahapa, wa mishipa ya wazee wetu wenyewe. Siku matokeo yakiwa mazuri nitakuwa wa kwanza kuziweka kwenye friji yangu.

Mwalimu alikubali kurudi kliniki, nilimsindikiza mwenyewe Alhamisi. Ameanzishiwa losatani. Juzi alikuwa 148 kwa 90, hakohoi. Fomu ya njano ya kuripoti nimeijaza, ingawa pale panapoulizwa mtengenezaji na namba ya bechi nimeacha wazi kwa kukosa cha kuandika. Kichupa alinikabidhi, nimekifunga kwenye bahasha na kukiweka friji peke yake, rafu ya chini. Ofisi yenu ya kanda wakikihitaji kwa uchunguzi wanitumie ujumbe, nitakileta kwenye boksi la barafu. Nipo dukani kila siku hadi saa mbili usiku, isipokuwa Jumapili.

Wako katika kazi,
Mfamasia, Temeke, Dar es Salaam