Kwa Zuhura, kuhusu figo ya kaka yako

Tabata, Dar es Salaam

Mpenzi Zuhura,

Pole sana kwa kuuguza. Mama asihofu kwamba kaka atatolewa figo zake akipandikizwa mpya. Pale Muhimbili, ambako upandikizaji ulianza 2017, kama kwingineko, zile za zamani kwa kawaida haziguswi. Mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja karibu na nyonga, kwani hapo mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni inafikika kirahisi na kibofu kiko jirani. Huungwa mishipa ya damu, kisha mrija wa mkojo, ambao huachiwa ndani kijibomba laini cha kutolewa baada ya wiki kadhaa. Ni kazi ya saa 3 au 4.

Figo ya ndugu aliye hai mara nyingi huanza kutoa mkojo palepale mezani, pengine lita nyingi kwa siku. Ndiyo maana wauguzi huupima kila saa na kurudishia maji kwa dripu. Ikichelewa, atasafishwa damu kwa muda. Haina maana kwamba imekufa.

Kazi kubwa ni dawa, Zuhura, na ni ya maisha yote. Takrolimasi, ya kuzuia mwili usiikatae figo, humezwa kila saa 12, tuseme saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Siku ya kliniki asimeze ya asubuhi mpaka atolewe damu, kwa sababu hupimwa kiasi kilichobaki mwilini kabla ya dozi. Kikipungua, mwili unaishambulia figo. Kikizidi, dawa yenyewe inaiumiza, na mikono hutetemeka. Balungi hukipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu hukishusha mno.

Duka la dawa la mtaani naliogopa kuliko upasuaji. Akiumwa mgongo asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, ameze parasetamoli. Akipata homa, msimnunulie dawa mseto ya malaria mkakaa nyumbani: inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, au figo inakataliwa. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Mtafutieni mizani. Uzito ukipanda kilo 1 kwa siku moja au mkojo ukipungua, pigeni simu. Lakini figo hukataliwa pia bila maumivu yoyote, kreatinini (taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja) ikipanda kimyakimya, kwa hiyo kliniki asikose hata akijiona mzima. Madafu yana potasiamu nyingi, aulize kwanza. Kachumbari ya barabarani aiache. Ndoo ya maji asiinue kwa wiki 6.

Wakipanga tarehe, nijulishe.

Wako,
Neema