Paka asiyesikia insulini: tusikimbilie kuongeza dozi

Mhariri,

Ukurasa wako wa ufugaji hutufaa sana, lakini msomaji akiufuata mwaka mzima atadhani kwamba katika boma la Mkenya hamna mnyama ila ng'ombe wa maziwa na kuku. Naomba nafasi kidogo niseme na wenye paka, hasa wale ambao paka wao amepatikana na kisukari, anadungwa insulini asubuhi na jioni, na bado sukari haishuki. Dozi isipandishwe tena kabla ya kujulikana ni kitu gani kinachoizuia insulini kufanya kazi.

Paka wangu Chui, dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 9, alikuwa na uzito wa kilo 6.4 alipoanza kunywa maji bila kikomo na kukojoa hadi mchanga wa karai lake ukageuka tope. Daktari wa mifugo alimwanzishia yuniti 1 mara mbili kwa siku, na kwa muda wa miezi kadhaa tukapanda kidogo kidogo hadi yuniti 7, huku mashine ya kupima sukari ya damu ikisoma milimoli 21 kwa lita, siku nyingine 23, ilhali paka mzima huwa kati ya 4 na 8 hivi. Madaktari huanza kushuku ukinzani wa insulini pale dozi moja inapopita yuniti 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito na sukari bado iko juu. Chui alikuwa ameanza kuuvuka mpaka huo.

Kabla ya kuulaumu mwili wa paka, mwenye paka akague kwanza mkono wake mwenyewe. Insulini ya binadamu tunayoinunua kwenye duka la dawa huwa na yuniti 100 kwa mililita, ilhali baadhi ya zile za wanyama zina yuniti 40, na kila moja ina sirinji yake. Anayevuta insulini ya 40 kwa sirinji ya 100 humpa paka chini ya nusu ya dozi iliyoandikwa, kisha akashangaa kwamba dawa haifanyi kazi. Anayefanya kinyume humpa dozi mara mbili na nusu, na huyo anaweza kumuua paka. Tena hapa Kisumu joto halina huruma, na stima ikipotea mchana kutwa chupa iliyo kwenye friji inaweza kupata joto na kupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Siku kama hizo mimi huifunga kwenye mfuko na kuining'iniza ndani ya mtungi wenye maji kidogo. Na mara mbili niliukuta unyoya wa Chui umelowa dawa yenye harufu ya hospitali: sindano ilikuwa imepita kwenye ngozi na kutokea upande wa pili.

Vilevile vipimo vya kliniki peke yake havitoshi, kwa sababu woga wenyewe hupandisha sukari ya paka. Nilijifunza kumtoboa ukingoni mwa sikio nyumbani, akiwa amelala kwenye kiti chake.

Kikwazo chenyewe kilipatikana daktari aliponiuliza historia. Chui alikuwa na mwasho wa ngozi, na kila uliporudi nilimpeleka kwenye agroveti moja akadungwa steroidi, dawa ya kutuliza mwasho, ya kukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyeniuliza kama anaugua kisukari, nami sikujua kwamba sindano hiyo huifunga mikono insulini. Mwasho wote huo, Mhariri, ulikuwa ni viroboto! Sindano za kuzuia mimba wanazodungwa paka wa kike zinaweza kuleta tatizo hilo hilo. Daktari alimfungua mdomo pia, akamkuta na magego mawili yaliyooza, na usaha nao huchangia ukinzani, kama yafanyavyo maambukizi ya mkojo na uvimbe wa kongosho.

Halafu kuna chakula, na hapa wengi wetu tuna hatia. Tunasema paka anakula omena, kumbe anakula ugali ulionuka omena. Paka ni mla nyama. Wanga mwingi na unene vinamrudisha nyuma. Chui sasa hula kuku na omena waliochemshwa bila chumvi, kwa mpango wa daktari, na anapungua polepole, kwa sababu paka mnene akinyimwa chakula ghafla ini lake hujaa mafuta.

Jambo ambalo sikuwa nimeonywa ni hili: kikwazo kikiondoka, dozi ya jana huwa sumu. Wiki chache baada ya steroidi kukoma na magego kung'olewa, nilimkuta Chui alfajiri akiyumba ukumbini na kugonga mguu wa meza, macho yamemtoka. Mashine ilisoma 2.1. Nilimpaka asali kwenye ufizi kwa kidole, nikampakata, nikampigia daktari simu kabla jua halijachomoza. Siku hiyo hiyo dozi ilishushwa sana.

Kwa wale watakaokagua yote haya wasipate kitu, wamwombe daktari afikirie tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambayo wakati mwingine huota uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji, nayo huizuia insulini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopima zaidi ya paka 1,200 wenye kisukari nchini Uingereza, ulikuta takriban robo yao wana dalili ya hali hiyo katika damu. Paka ambaye sukari imemshinda hutarajiwa kukonda. Akizidi kunenepa, kichwa kikapanuka na nyayo zikawa kubwa, hapo pana jambo.

Nawaomba wenye maduka ya dawa za mifugo, kabla ya kuvuta steroidi kwenye sirinji, waulize kama paka ana kisukari na kama amekaguliwa viroboto. Nasi tuwe na daftari. Langu lina tarehe, dozi, kipimo na kila sindano nyingine aliyodungwa Chui, na ukurasa wa juma hili unaonyesha yuniti 2, vipimo vikiwa kati ya 8 na 12.

Mfuga paka,
Milimani, Kisumu