Waigizaji tunao, wa kuendesha maonyesho wako wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ambayo watu wengi hawaijui kama ni kazi, ingawa mimi imenilisha kwa miaka kumi na tisa: utayarishaji wa maonyesho ya jukwaani. Kila inapojadiliwa hali ya sanaa za maonyesho nchini, lawama huangukia uhaba wa kumbi na uhaba wa watazamaji. Kumbi ni chache, sikatai. Lakini nimeshuhudia maigizo mazuri yakifa baada ya usiku mmoja, katika ukumbi uliokuwapo na mbele ya watazamaji waliokuwapo, kwa sababu hakuna aliyekaa na kalamu akakokotoa usiku wa pili utalipiwa na nini.

Wa kuigiza tunao. Sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu miaka ya 1960, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo tunakijua kwa jina la TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kimetoa wachezaji ngoma, wanasarakasi na waigizaji tunaojivunia. Mwaka jana vijana kumi na wanne walikuja kuniomba nafasi. Kumi na watatu walitaka kuigiza au kuongoza, na mmoja tu ndiye aliyeuliza kama angeweza kujifunza kazi ya nyuma ya pazia. Naye akaharakisha kuongeza kwamba ni kwa kuanzia tu.

Haikuwa hivi siku zote. Wasomaji wa rika langu na wakubwa zetu wanavikumbuka vikundi kama DDC Kibisa na Muungano, vilivyopanga ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu katika onyesho moja, na watu wakalipa kiingilio wenyewe, kutoka mifukoni mwao. Kilipokuja kikundi cha TOT (Tanzania One Theatre) mwaka 1992 na mipasho, yaani nyimbo za vijembe, ikaanza kurushwa kati yake na Muungano, mashabiki waliona ugomvi. Jicho la mtayarishaji linaona pale matangazo ambayo leo tungeyalipia fedha nyingi. Nyuma ya vikundi vile walikuwapo watu waliojua bei ya ukumbi, siku ya mshahara na mtaa unaopenda nini. Mmoja wao, mshika fedha wa kikundi kimojawapo cha wakati ule, ndiye aliyenifunza kazi. Hakuwa anakula baada ya onyesho mpaka ahesabu vishina vya tiketi mbele ya waigizaji wawili, avifunge kwa kipande cha mpira wa baiskeli na kuandika jumla kwa wino. Waigizaji walimwamini, kwa hiyo walirudi mazoezini Jumatatu. Hakuna chuo kilichowahi kumwita afundishe hata kwa saa moja.

Kisha yakaja maigizo ya kampeni za kuelimisha jamii, yaliyolipiwa na wafadhili. Sitayabeza, kwa kuwa nimeyatayarisha mengi na yamesomesha wanangu. Hata hivyo yalikuwa ya bure, na taarifa ya matumizi iliandikwa kwa aliyetoa fedha, si kwa aliyekaa kwenye mkeka kutazama. Tukazoea kuandika maombi, tukasahau kuuza tiketi, na mtazamaji naye akasahau kununua.

Mahali ninapoona matumaini ni shuleni. Mradi wa Tuseme ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 ulidhihirisha kwamba wasichana wa sekondari wakipewa jukwaa husema mambo ambayo hawayasemi darasani. Lipo pia jambo jepesi zaidi: kila mwaka wanafunzi wetu hujibu maswali ya mtihani kuhusu tamthiliya teule, na wengi wao hawajawahi kuiona tamthiliya yoyote ikichezwa. Sisi huwapelekea. Katika ziara yetu moja ya karibuni tulipata wanafunzi 312 kwa kiingilio cha shilingi 2,000, yaani shilingi 624,000. Basi dogo lilichukua 180,000, jenereta na mafuta 70,000, waigizaji tisa 270,000, chakula 45,000. Zikabaki 59,000, na hapo mwandishi wa tamthiliya hajapata haki yake. Mtu asiyeweza kuandika hesabu hiyo kabla ya safari ataigundua akiwa njiani kurudi, na waigizaji wamenuna kwenye viti vya nyuma.

Hesabu peke yake pia haitoshi. Shule moja ilituzuia getini asubuhi ya onyesho kwa sababu mwalimu tuliyepatana naye kwa simu alikuwa amehamishwa, na mkuu wa shule hakuwa na habari zetu. Niliwalipa waigizaji wote kutoka mfukoni mwangu. Tangu siku hiyo gari haliondoki bila barua yenye muhuri.

Ombi langu kwa vyuo na kwa wizara inayohusika na sanaa ni kwamba mambo haya yafundishwe kwa vitendo: bajeti, mikataba, vibali, haki za mwandishi, uuzaji wa tiketi na namna ya kuzungumza na mkuu wa shule. Mwanafunzi apewe onyesho la kweli na mtaji mdogo, alitafutie watazamaji, kisha aje mbele ya wakufunzi na vishina vya tiketi mkononi, asahihishiwe kama anavyosahihishiwa mwenzake aliyeigiza. Tunapohimizwa kukopa ili tuendeleze sanaa, tukumbuke kwamba mkopeshaji yeyote huuliza fedha yake itarudi vipi, na hadi leo wengi wetu hatuna jibu la maandishi.

Mwezi ujao tunakwenda shule mbili za Kibaha. Kijana yule aliyesema ni kwa kuanzia tu ndiye atakayeshika kitabu cha tiketi, na nimemtafutia mpira wa baiskeli.

Mtayarishaji wa maonyesho,
Dar es Salaam